Mnavu wa Katikati ya Kabichi

Arusha, shamba la maua

Mke wangu Mama Zuhura,

Pokea salamu zangu za kheri. Mwili wangu mzima, ila roho haijatulia tangu juzi. Hapo Malindi yetu ya milima ya Lushoto hamjambo? Watoto wanakula? Hawatapiki? Nijibu hilo kabla ya mengine.

Juzi mama mmoja anayepalilia hapa alichuma mchunga, ile mboga chungu ya porini, uliojiotea kati ya maua, akaupika. Tulikuwa tumepulizia dawa siku iliyotangulia. Walimkuta anatokwa mate, anatetemeka, haoni vizuri. Yuko hospitali. Nikamwomba msimamizi anisomee kibandiko cha dawa, maana ni Kiingereza kitupu. Akasema mboga iliyopuliziwa isiliwe mpaka wiki mbili zipite. Ni dawa ileile niliyoimimina kwenye dumu la mafuta ya kula, nikampa dereva wa lori akuletee upulizie kabichi.

Ujuaji wangu ndio uliotufikisha hapa. Nilikwambia ung'oe bustani ya mama yangu nyuma ya jiko, mnavu, mchunga na maua ya porini aliyowatunzia nyuki, tupande kabichi, kwa kuwa tangu biashara iwe ruksa malori ya Dar yanafika hadi mlangoni. Uliniuliza, "Baba Zuhura, ugali tutaulia nini?" Nikakucheka. Nikasema mnavu haupandwi, utajiotea humohumo kwenye kabichi. Najua umeota, na najua mama hapiti pale bila kujaza upindo wa kanga. Halafu barua yako inasema macho yake yana ukungu na mikono inatetemeka, mkadhani ni uzee.

Naogopa, sikufichi. Mtu asichume chochote humo. Dumu lifungie watoto wasilifikie, wala usilioshee mferejini. Mbegu za mnavu mama amezifunga kitambaani juu ya meko, zipande tena nyuma ya jiko, na miche ya maua yale kaitafute ukingo wa msitu wa Magamba. Kabichi waache wadudu waile.

Mjomba msalimie, na mama mkwe mpe shikamoo yangu.

Mama yangu mpeleke hospitali Lushoto leo hii, usiningoje. Atakuuliza anaumwa nini. Mwambie dawa ile niliileta mimi. Nilianza kumwandikia mwenyewe mara tatu, nikafika kwenye shikamoo nikashindwa kuendelea.

Mumeo,
Baba Zuhura