Kilo Mbili za Leandro

Colonia Beltrame,
18 Novemba 1988

Dada yangu Ofelia,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na shemeji na mapacha, na kwamba mguu wako umeacha kuvimba. Mimi afya ninayo. Na mume ninaye, dada. Neno hilo bado nalitamka taratibu kama ninayemumunya peremende. Ni miezi mitatu sasa, lakini Leandro akiingia jikoni na harufu yake ya petroli, nasahau nilichokishika. Asubuhi ananiletea kibuyu cha chai ya yerba kitandani. Chochote nikipikacho anasema ni kitamu, na mbwa wetu Pirata halali popote ila miguuni pake, chini ya meza.

Ningeishia hapo, lakini Jumapili imeniharibia kila kitu.

Unajua zilikuwa mbio za mwisho za magari za kanda, na tulihitaji ushindi tu ili ubingwa uje kwetu. Mji mzima ulihamia uwanjani na majiko ya kuchomea nyama. Leandro aliendesha ile Fiat yetu ya buluu kama mtu anayewahi kuzaliwa kwa mwanawe, akashinda kwa urefu wa gari moja. Nililia mpaka wanja ukanifika kidevuni.

Kisha likaja suala la mizani. Kanuni inataka gari na dereva wake wafikishe kilo mia tisa. Mizani ikasema mia nane tisini na nane. Wakapima mara tatu, na jibu likawa lile lile. Ushindi ukafutwa, na ubingwa ukaenda kwa yule muuza maziwa wa mji wa pili, ambaye hata yeye alipokea kombe akitazama viatu vyake.

Anayefunga vipande vya madini ya risasi sakafuni mwa gari ili uzito utimie ni fundi Rulo, aliyeanza kazi gereji kwetu enzi za baba mkwe. Hujumlisha uzito wa gari na wa dereva, kisha huongeza kilo moja ya tahadhari. Leandro alimgeukia mbele ya watu wote. “Miaka kumi na tisa unafunga risasi, Rulo, leo ndiyo umesahau kujumlisha?” Mzee aliweka funguo za gereji juu ya boneti, akaondoka kwa miguu.

Tangu siku hiyo nyumba haikaliki. Leandro hali, anafungua hesabu za Rulo na kuzifunga bila kuona kosa. Mama mkwe anakuja kila siku kusema kwamba uzee umemwingia Rulo kichwani. Mimi naosha vyombo vilivyo safi.

Dada, kosa halimo katika hesabu za Rulo. Ni langu.

Kila Alhamisi kabla ya mbio Leandro hupanda mizani, nami husoma na kuandika daftarini, maana Rulo husema mwandiko wangu unasomeka. Wiki ile mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Tangu harusi ananiambia, “Nilikupa mwanamume, binti, usinirudishie ufito.” Mshale ukasimama kwenye sabini na tisa. Nikasikia aibu, nikasema themanini na mbili, kama siku ya harusi, na ndivyo nilivyoandika. Nilidhani nadanganya kuhusu mapishi yangu tu. Rulo alijumlisha vizuri kabisa, ila alijumlisha uongo wangu.

Na jana nilijua kilo zile zilikokwenda. Niliinama kuokota uma nikaona mkono wa mume wangu mpenzi ukimpa Pirata nyama yangu, kipande baada ya kipande. Mbwa amenenepa, hawezi tena kuruka uzio. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Naye alikuwa akinidanganya ili nisiumie.

Daftari liko hapa mezani. Nimekata themanini na mbili, nikaandika sabini na tisa, na pembeni nikatia sahihi kwa jina langu jipya, mara ya kwanza tangu harusi. Nikishafunga bahasha naenda kwa Rulo kwanza, kisha kwa Leandro. Mama mkwe atasikia mwenyewe.

Wabusu mapacha kwa ajili yangu, umsalimie shemeji, na tafadhali niandikie jinsi Mama alivyokuwa akipika ule mchuzi wa Jumapili.

Mdogo wako akupendaye,
Mirna Sartori de Galliano