Kipimo Kilikuwa Changu, Moyo Ulikuwa Wake

Mpendwa mshauri, naomba msaada, japo kwa haki wewe ndiye ungekuwa unaniandikia mimi, kwa sababu mimi ndiye kijana mwenye nguvu kuliko wote katika mji huu na pengine miji miwili ya jirani, huko sijafika kupimana na mtu lakini nina hakika habari zangu zimefika. Kazini wananiita Winchi. Tunahamisha watu na vyombo vyao, na kabati la milango mitatu mimi nalipandisha ngazi peke yangu huku napiga mluzi, wenye nyumba wanatoka kuchungulia wakidhani tuko wanaume wanne. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, hapo mimi na mama bado hatujakubaliana, lakini kichwa changu kinafanya kazi, na hicho kichwa ndicho kilichoniponza.

Ni hivi. Bosi alitaka kunipa usukani wa lori, niache kubeba niwe dereva, ila akasema dereva wake lazima apimwe afya kwanza, nami ili nimkoshe daktari nikanywa makopo manne ya kile kinywaji cha kuongeza nguvu, nikaingia kliniki natembea kama bondia, daktari akaniwekea chombo cha kusikilizia kifuani akakunja uso, maana moyo ulikuwa unakimbia kama umeiba kuku, akasema, "Kijana, huenda ni hofu tu, lakini huu moyo nataka utazamwe kwa kipimo cha mawimbi ya sauti. Uje Alhamisi." Hofu? Mimi? Ila nilipotoka nje nikaanza kujiuliza, je, hiyo mashine ikiyaona yale makopo? Basi nikamtuma mdogo wangu. Tumepishana mwaka mmoja, sura ni ile ile, hata mama tukimpa mgongo anakosea jina, na yeye ni mpole, hanywi hata soda, anabeba mizigo pamoja nasi kwa kibarua. Nikampa kadi yangu ya kliniki nikamwambia, "Bwana mdogo, leo wewe ni mimi. Ukiulizwa, jibu kama mimi."

Akajibu kama mimi. Aliporudi alinisimulia huku anacheka hadi anakohoa, kwamba alivua shati, akalazwa ubavu wa kushoto, akapakwa kitu kizito cha baridi kifuani, mama mmoja wa mashine akawa anamkandamiza chini ya titi huku anatazama skrini, mwanzoni wanaongea habari za mvua, halafu mama akaiacha mvua, akapima, akarudia kupima, akamuuliza, "Ukipanda ngazi unaishiwa pumzi?"

"Mimi? Napanda na kabati, tena napiga mluzi."

"Utotoni uliwahi kuumwa homa ukavimba viungo?"

"Mama, mimi ni chuma. Sijawahi kuumwa hata mafua."

Mshauri, nilimpigia makofi, kwa sababu huyo ni mimi kabisa. Ila ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa anaumwa koo kila mara utotoni, magoti yakavimba mpaka mama akawa anambeba kumpeleka chooni, na yeye ndiye siku hizi analala na mito miwili, tukifika ghorofa ya pili anainama anajifanya anafunga kamba za viatu, na mwenyewe kavaa ndala. Mimi namwita babu. "Babu, tukuletee mkongojo?" "Niache bwana, nafunga viatu."

Daktari alipiga simu kwangu, kwa kuwa namba ni yangu na jina ni langu. Akasema, "Moyo wako una milango inayopitisha damu, inaitwa valvu. Mmoja upande wa kushoto umebana, damu inapita kwa shida. Usibebe kitu kizito. Njoo kesho, uje na mtu wa nyumbani." Nikacheka. Nikamwambia, "Dokta, mashine yenu imelewa, mimi mzima kama jiwe." Nikakata simu nikaendelea kula, na tonge likaniganda mdomoni, kwa sababu hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kifua kilicholala pale hakikuwa changu.

Tangu hapo sikai. Nikila nanyanyuka na kijiko mkononi, nikilala nasikiliza anavyopumua upande wa pili wa chumba mpaka namuamsha nimuulize ni saa ngapi na saa ninayo mwenyewe. Kliniki wakipiga nakata, wakirudia nageuza simu kifudifudi. Nikisema, usukani umekwenda na maji, bosi atajua nilimtuma mtu, mama atanitoa roho. Nimejaribu kumpunguzia mizigo kwa ujanja, nampa mapazia na taa za mezani, naye ananuna, "Unanifanya mtoto, kaka? Nipe kitu cha kubeba."

Najua utasema si umwambie tu. Jana tulikuwa na friji, ghorofa ya tatu, mimi juu, yeye chini. Katikati ya ngazi akasema, "Shusha, shusha." Akaketi, midomo imebadilika rangi, mkono kifuani, akaniangalia bila utani wowote. "Kaka, hivi kile kipimo walisema nini?"

Nikamwambia, "Safi kabisa. Moyo wa simba."

Akatabasamu, akasimama, akashika upande wake.

Ni mimi, Winchi

JIBU

Winchi mwanangu, barua yako sikuipanga foleni na nyingine. Nilipiga namba uliyoandika nyuma ya bahasha, ukakata, bila shaka ulidhani ni kliniki. Sasa nakujibu hapa gazetini mbele za watu, na usije ukasema nimekuaibisha.

Pole. Mtu asiye na moyo angelala usingizi, wewe hulali, kwa hiyo najua unampenda. Lakini usinililie usukani. Mdogo wako alikuuliza swali moja la kweli, akiwa ameshika kifua, ukamjibu kwa majigambo. Alipanda ngazi zilizobaki kwa neno lako. Mashine haikulewa, mwanangu.

Kwa kuwa sikutaka kukujibu kwa ubabe kama wako, nilimuuliza daktari wa moyo. Anasema koo la utotoni likifuatiwa na homa na magoti kuvimba linaweza kuacha makovu kwenye valvu, miaka ikapita, valvu ikakakamaa na kubana, damu ikarundikana kuelekea mapafuni. Ndiyo ile mito miwili. Ndizo zile kamba za ndala ulizokuwa unazicheka. Na anasema hii si hukumu ya kifo. Kuna vidonge vya kupunguza maji mwilini na kutuliza mapigo, kuna sindano za kila mwezi za kuzuia homa ile isirudi kuharibu zaidi, na ikiwa valvu imebana sana, wapo wanaopanuliwa kwa puto dogo linalopitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, na wapo wanaowekewa valvu nyingine kwa upasuaji. Kipi kinamfaa yeye, si kazi yangu kusema wala yako.

Ila daktari hawezi kuamua vizuri wakati mgonjwa aliyenaye kwenye maelezo ni mtu anayepiga mluzi na kabati mgongoni. Valvu wameiona kwenye skrini. Kuishiwa pumzi hakuonekani kwenye skrini, lazima kusemwe na mwenye kifua. Ule utani wenu pale kitandani umemficha daktari nusu ya ugonjwa.

Na wewe, bwana mdogo, kama umetangulia kuusoma ukurasa huu kabla ya kaka yako: weka chini ulichobeba. Hujakosa nguvu. Unaumwa, na dawa ipo.

Winchi, pokea simu ya kliniki, uwaambie aliyelala pale ni nani, kwa jina lake. Watakugombeza, vumilia. Nendeni wawili, mchukueni na mama, kwa sababu yeye ndiye anayekumbuka magoti yale yalivimba lini na alitibiwa nini. Kipimo kirudiwe kwa jina la mwenyewe, na safari hii ajibu kama yeye. Asinyanyue mzigo wowote mpaka daktari aseme. Akishindwa kupumua akiwa amelala, akitema damu, akizimia, usisubiri miadi, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Wala usimnunulie mizizi ya mtu yeyote barabarani.

Kwa bosi, sema kwamba wewe bado hujapimwa. Maana umesahau jambo moja katika kelele zako zote: moyo wako hakuna aliyeutazama. Makopo hayo acha, kalazwe ubavu wa kushoto na wewe, usubiri majibu yako kama watu wengine.

Lakini kabla ya kliniki, kabla ya bosi, kabla hata ya mama, kuna yeye. Usianze na mzaha, atadhani unamtania kama kawaida. Mwambie, "Kile kipimo ni chako, hakikuwa safi, na nilijua." Halafu nyamaza, umwache aseme yeye.