Ukoga wa Birika

Wajir,
Jumamosi asubuhi.

Kwa Abboowe Guleid, kaka yangu mkubwa,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Idil na watoto, na kwamba baridi ya Nairobi haijakurudishia kile kikohozi. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Hooyo, mama yetu, ni goti tu linalomsumbua. Amekaa hapa karibu akiniuliza mbona naandika kwa kalamu ilhali simu ninayo. Sababu utaiona mbele.

Kwanza habari njema, maana nisipoisema nitapasuka: ile pikipiki ya umeme uliyoicheka, jana imeshinda!

Unakumbuka tulivyoanza. Ulinitumia paneli nne za sola ulizozishusha kwenye paa la duka lako, fundi Muriuki akazifunga juu ya paa la jiko letu zichaji betri ya pikipiki, nami kila siku baada ya swala ya alfajiri nikawa naenda kwa wafugaji kubeba maziwa ya ngamia hadi sokoni. Mama Sahra, mwenyekiti wa wauza maziwa, alinipa mwezi mmoja wa majaribio. Maziwa yakifika salama, kazi ni yangu. Yakiharibika, wanarudi kwa pikapu ya Nunow.

Wiki ya kwanza betri ilijaa mapema. Ya pili, jua likawa linazama bado haijajaa. Nikadhani ni vumbi. Unanijua kwa usafi: kila adhuhuri nilipanda ngazi na dumu la maji ya kisima, nikazimwagia paneli, nikaziacha zikauke juani. Lakini kadiri nilivyoosha ndivyo chaji ilivyopungua, hadi Jumanne pikipiki ikanizimikia kilomita sita nje ya mji. Niliisukuma kwenye joto lile, na nilipofika maziwa yalikuwa yamechacha. Mama Sahra alionja, akatema, akaniambia nina hadi Ijumaa. Nililia, Abboowe, nililia kwa hasira.

Jumatano Muriuki alikuja na kipimo chake, akasema paneli zinatoa nusu tu ya nguvu zake. Nikapanda nikazimwagia maji mbele yake, aone ninavyozitunza. Hakubisha. Aliomba birika letu la chai, akafunua kifuniko, akaniuliza ule weupe wa ndani ni kitu gani. Nikamjibu kwa dharau kidogo kwamba huo ni ukoga wa maji yetu ya chumvi, hata mtoto wa Wajir anaujua, na mimi huukwangua kila Ijumaa. Nikajisikia nikisema hivyo, nikaikimbilia ngazi. Nilipopanda tena na kugusa kioo cha paneli, kilikuwa kinakwaruza kidole.

Miaka ishirini nakwangua birika, na sikuwahi kuwaza kwamba maji ni yaleyale!

Tulinunua ndimu karibu zote za sokoni, maana ukali wake huyeyusha ukoga. Alhamisi, kabla ya kioo kupata moto, Hooyo alikamua ndimu chini nami nikasugua hadi kikang'aa, nikasuuza kwa maji ya mvua ya akiba. Alasiri betri ilikuwa imejaa. Jana nikaleta maziwa, nikampita Nunow njiani akibadilisha gurudumu, nikampigia honi mara mbili. Mungu anisamehe, mara tatu. Mama Sahra alionja, akameza, akaonja tena, kisha akatangaza kwamba kazi ni yangu. Akina mama walipiga vigelegele hadi wauza miraa wakaja kuuliza bibi harusi ni nani.

Sasa sababu ya kalamu. Jumanne ile niliwaambia watu wote sokoni kwamba umemtupia dada yako takataka za duka lako. Nilimwambia na Hooyo, ndiyo maana ulipompigia alikujibu kwa mkato. Paneli zako hazikuwa na kosa lolote. Kosa ni langu, na jana nilisimama palepale sokoni nikalisema kwa sauti. Kwako nimeshindwa kulisema kwa simu. Nisamehe, Abboowe.

Hooyo haombi msamaha, unamjua. Amekukaangia nyama ya nyirinyiri kopo zima. Ukilifungua utakuta kikaratasi chenye kipande cha ukoga wa birika. Kiweke dukani, na siku nikijifanya najua kila kitu, nionyeshe.

Wasalimie wote nyumbani. Njoo Idi, nitakupokea stendi kwa pikipiki, nawe utakaa nyuma.

Dada yako ambaye mikono yake bado inanuka ndimu,
Nasteho