Kopo la Kanosini na Ng'ombe wa Kengeja

Jumatatu, 8 Januari
N'na miaka sabini na sita. Nimezika wake wawili, ndugu wanne, na mafahali wote niliowacheza ujanani wamekwisha kuliwa. Chai na muhogo, kama kawaida. Mwanaisha, binti yangu wa zahanati, kaniletea kopo la vidonge. Kanosini. Anasema imo kwenye nyama, na mwili wenyewe huitengeneza, ila uzee huipunguza. Huenda ikasaidia misuli isichoke upesi. "Huenda, baba. Wataalamu bado wanachunguza. Kimoja kwa siku." Huyo Huenda simjui. Jumapili mchezo wa ng'ombe hapa Kengeja. Miaka yote mimi ndiye wa kwanza kuingia na kitambaa. Sasa Faki wa Mtambile anapataka mahali pangu. Hapati.

Jumatano, 10 Januari
Vidonge vinne kwa mpigo. Nimepasua kuni mpaka mpini wa shoka umevunjika. Dukani Faki kanicheka mbele ya watu. "Yakhe, Mzee Hamadi, ng'ombe atakuhurumia! Kakae na kina mama uwaitikie nyimbo." Nimempiga bakora mdomoni. Jino limetoka. Damu mpaka kwenye gunia la mchele. Sijuti.

Jumamosi, 13 Januari
Mwanaisha kalificha kopo. Nimelipata. Nimelimaliza. Tumbo linakata, ngozi inachomachoma. Ndiyo nguvu inaingia.

Jumapili, 14 Januari
Mkono wa kushoto umevunjika. Naandika kwa wa kulia.
Zumari lililia, nikaingia. Kamba ya ng'ombe hushikwa na watu wanne, akizidi wanamvuta. Nikawapigia kelele: legezeni! Mimi sichezi na ng'ombe wa kamba fupi. Wakalegeza, kwa heshima ya mvi zangu. Kosa langu hilo, si lao.
Mara ya kwanza kapita. Ya pili kapita. Wanawake wakapiga vigelegele. Ya tatu magoti yakagoma. Pembe ubavuni. Nimeruka, nimeangukia uso. Karudi, kanikanyaga mkono, nikasikia mfupa. Halafu mtu kajitupa juu yangu. Faki. Pembe iliyokuwa yangu ikazama pajani mwake, ikamnyanyua kama kitambaa. Wakavuta watu kumi ndipo tukatolewa.
Ng'ombe hata kuhema hakuhema. Na yule hakupewa kopo. Anakula majani.

Jumanne, 16 Januari
Mwenye ng'ombe kamchinja. Mwanaisha hanigombezi. Afadhali angenitukana. Nimelia. Basi.

Alhamisi, 18 Januari
Supu ya ng'ombe yule. Mwanaisha anasema kanosini imo humo, haina haja ya kopo. Nimempelekea Faki hospitali. Mguu hawakuukata. Alhamdulillahi. Kanywa nusu, kanirudishia bakuli. "Nusu yako, mzee wangu. Mwakani utaihitaji." Nikamwambia mwakani ataingia yeye kwanza. Mimi nitashika kamba. Sitailegeza.
Anayedhani naongopa amuulize Mwanaisha, ndiye aliyenishona ubavu. Au aende kwa Faki, aonyeshwe paja. Habari ya jino asimuulize.