Ukuta Nyuma ya Kabati

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Kitale tumeamka, ila kifua cha babu yako bado kinamsumbua. Simu ilikatika kabla sijakujibu uangalie nini katika hiyo nyumba unayotaka kununua Bungoma.

Hii yetu tuliiangalia wakati wa kiangazi. Mwenye nyumba akatupa chai na maandazi. Nilitaka kabati la chumbani lisogezwe, lakini babu yako akaninong'oneza, "Si tumekula kwake? Ni aibu." Tukanunua. Hata kabati alituachia, tukamshukuru sana. Mvua ilipoanza tukalisogeza, na ukuta wote ulikuwa umelowa na kuoza.

Wewe nenda siku ya mvua, mama, na chai usiiguse kabla hujamaliza kuangalia.

Kabati tulilirudisha palepale. Wageni wakija, wanakunywa chai na kulisifu.

Nyanya yako