Nilimwombea Mume Aache Gemu, Sasa Naogopa Ataacha

Mpendwa Shangazi Philister,

Naandika nikiwa jikoni, na tafadhali usitaje jina langu, mimi ni katibu wa akina mama kanisani kwetu hapa Uthiru na kuna watu wananitazama kama mfano. Nisaidie kabla ya Jumamosi. Mume wangu Masila ni karani katika ofisi moja ya serikali mjini, mtu mpole, hanywi, hazururi, ila mwaka jana alijinunulia kimashine cha mkononi cha kuchezea zile gemu za zamani tulizokuwa tukizichungulia kwa majirani tukiwa wadogo, kina kioo kidogo na kijiti cha kuongozea kwa kidole gumba, na Shangazi, mtu huyo hata kucheza hachezi sana, kazi yake ni kupima hicho kijiti, anafungua ukurasa wenye duara na nukta, anasukuma, anaachilia, anatazama kama nukta imerudi katikati, ikichelewa kidogo anaguna kama daktari, na mimi nimekaa hapo chai inapoa, basi nikachoka nikampeleka kwa Mungu. Nilisimama mbele ya akina mama nikamtaja kwa jina, tukafunga, tukaja hadi nyumbani na mchungaji tukakiwekea mikono kile kimashine, na Masila akainamisha kichwa akasema sawa, atakiuza kwa Athman, yule mwenye duka la simu mjini.

Kesho yake alipoenda kazini nilikiwasha, kwa nia njema kabisa, nijue adui anafananaje. Nikakuta sungura anayeruka madaraja, na daraja la mwisho linatikisika, ukikosea anatumbukia mtoni. Akatumbukia. Nikasema mara moja tu tena, maharagwe yakaungua. Tangu siku hiyo sina raha, nacheza maharagwe yakichemka, nacheza katikati ya kukanda chapati, na kwa vile nilikuwa nakikandamiza kijiti kwa hasira kikaanza kuvuta kushoto chenyewe, hata ukikiachilia sungura anajiendea majini. Masila alipokipima akasema, "Mama Mutheu, hii kitu imeshikwa na nani? Inavuta kushoto." Nikamwambia labda ni joto. Akakifungua kwa bisibisi, akakuta kitu cheupe chini ya kijiti, akapuliza, akasema, "Vumbi ya Uthiru imekuwa nyeupe sana siku hizi." Nikamshukuru Mungu kwa kumfumba macho.

Tena kijiti amekitengeneza kikawa chepesi kuliko mwanzo, ukigusa tu sungura ameruka, na juu amekivalisha kofia ndogo ya mpira ambayo kidole chake mwenyewe kinene kinateleza lakini changu kinakaa sawasawa, na kila asubuhi kimashine nakikuta kimejaa chaji. Kila Jumamosi anasema hawezi kumuuzia Athman kitu kibovu, kijiti bado hakijakaa vizuri. Juzi tukiwa tunakula alisema tu, wala hakuna aliyemuuliza, kwamba kwenye lile daraja la mwisho mtu asingoje litulie, aruke likiwa bado linatikisika. Nilijaribu nikavuka, nikapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama nimefiwa.

Sasa mchungaji anataka ushuhuda Jumapili hii kwamba Masila amefunguliwa. Jana Masila akaniangalia, akasema, "Jumamosi naipeleka kwa Athman. Ama uko na neno?" Nikajibu, "Amina." Shangazi, sitaki kiuzwe! Nikikificha atakitafuta, nikisema ukweli nitakuwa mnafiki mbele ya kanisa zima. Je, nimwambie nimeoteshwa kwamba Mungu amebadilisha mawazo?

Katibu Aliyenaswa, Uthiru

SHANGAZI PHILISTER ANAJIBU

Katibu, umenificha jina lako kisha ukanipa la mume, la mtoto, cheo chako na mtaa. Wewe kwa kutunza siri hujambo.

Hebu nikuulize. Umeishi Uthiru muda wote huu, vumbi jeupe uliliona wapi? Udongo wa huko ni mwekundu, unashika hadi soksi. Masila alifungua kile kimashine akakuta unga wa chapati anazozila yeye mwenyewe, akaupuliza, akakupa nafasi ya kucheka. Wewe ukaenda kumshukuru Mungu kwa upofu wake! Aliyefumbwa macho hapo ni nani?

Mwanamume mwenye vidole vinene anavalisha kijiti kofia isiyomtosha, anamvalishia nani? Anajaza chaji kabla ya kwenda kazini ili nani acheze mchana? Athman? Mimi naona Athman hajaambiwa hata neno moja. Na ile ya daraja, alikuwa anaambia ugali? Alikufundisha mezani kwako, ukavuka, ukashangilia, na bado hujajua mwalimu ni nani. Mume wako anajua. Amejua tangu ule unga, kama si kabla ya hapo.

Pole yangu leo haiji kwako, inakwenda kwake. Ulisimama ukamtaja kwa jina mbele ya wanawake wote, sasa wanamsalimu mlangoni mwa kanisa kwa ile sauti ya kusalimia wagonjwa. Angeweza kukuanika kwa neno moja tu. Badala yake anarudi kutoka kazini amechoka, anachukua bisibisi, anahakikisha kijiti kinakutii wewe. Halafu anakuuliza kwa upole kama una neno, nawe unamjibu kama mko kwenye maombi. Hiyo Amina imeniudhi, nakuambia ukweli.

Habari ya ndoto achana nayo, usimsingizie Mungu mambo ya sungura. Jumamosi asubuhi, kabla Masila hajavaa viatu, kaa kando yake, kiwashe, uvuke lile daraja akiwa anaona. Kisha sema, "Baba Mutheu, usiuze. Ni mimi nimekuwa nikicheza." Maneno yaishie hapo, usianze kuhubiri. Atacheka, na umwache acheke mpaka amalize, maana kicheko hicho amekizuia muda mrefu.

Jumapili asisimame yeye. Simama wewe, mahali pale pale ulipomtaja, useme ulimshtaki mtu kwa jambo ambalo lilikuja kukushika wewe kuliko yeye. Ndiyo, watakucheka. Kama ukatibu utakwenda, uende na amani. Ila mimi nawajua akina mama: ibada ikiisha, wawili watatu watakuvuta pembeni wakuulize daraja linavukwaje.

Na kuanzia leo, ukitoka kukanda unga, nawa mikono kabla ya kukishika. Amekusafishia vya kutosha.