Tundu Katika Sakafu ya Gereji

Rhinelander, Wisconsin
Alhamisi, 14 Machi

Kaka yangu Conrad,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Harlan. Goti lako linaendeleaje tangu upasuaji? Na wifi yangu Muriel, ameshaacha kukohoa au bado anabishana na daktari? Sisi huku tu hai, na safari hii neno hilo silisemi kwa mazoea. Theluji imeanza kuyeyuka upande wa barabarani, lakini nyuma ya nyumba bado inafika magotini.

Najua umeshangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata upenyo wa kuficha. Tafadhali isome peke yako kwanza.

Unakumbuka ulipofunga karakana yako mwaka jana, ulimwambia Harlan kwamba ile lifti yako ya nguzo mbili ya kuinulia magari ni yake, aje aichukue. Hujui ulimfanya nini, kaka. Alirudi nyumbani kama mtu aliyepewa ujana wake. Alisema, “Mke wangu, mgongo huu umechoka kulala sakafuni kama mjusi. Sasa nitalitengeneza gari la baba yangu nikiwa nimesimama wima, kama binadamu.” Hata jirani yetu Iver alimtania uani, kwamba akishafunga hiyo lifti atahamia gereji moja kwa moja, na mimi nitakuwa nampitishia chakula dirishani. Harlan akamjibu kwamba chakula chenyewe kikiwa cha Bernadine, hata dirishani atakula.

Nilicheka pamoja nao. Lakini usiku ule na uliofuata sikupata usingizi.

Harlan si mtu wa kukurupuka, unamjua. Alichukua daftari akapima kila kitu. Kutoka sakafuni hadi boriti ya dari akapata futi kumi na moja na nusu, akasema gari litapanda na bado yeye atapita chini bila kuinama. Reli za mlango wa gereji zinazopita darini zilikuwa zinazuia kidogo, akasema zitasogezwa. Akachora kwa chaki mahali pa kila nguzo, akafungua milango ya gari kuona kama itagonga. Kila siku kilipatikana kitu kimoja cha kusema ndiyo.

Ikabaki sakafu. Kitabu cha lifti kilisema zege lisipungue inchi nne, maana nguzo zinashikwa na bolti zilizozama humo, na gari zima linategemea bolti hizo. Gereji tuliikuta imejengwa, kwa hiyo hakuna aliyejua unene wake. Ilibidi kutoboa tundu dogo na kupima. Vumbi la zege humkaba Harlan kifua, unajua pumu yake, basi akaniomba mimi. Alinitolea drili, akakunja ncha ya waya iwe ndoano, akanielekeza niiteremshe tunduni, niivute mpaka ishike upande wa chini wa zege, kisha niweke alama na kupima. Halafu akaenda kazini.

Nilipima. Nilipotoka pale, nilikaa jikoni muda mrefu nikiwa na glavu mikononi. Jioni nilimwambia inchi mbili na robo tatu.

Hakubisha. Aliketi kwenye ngazi ya mlangoni na buti zake za kazini, akasema taratibu, “Basi haiwezekani. Zege la namna hiyo linang'oka kama keki.” Ndipo alipokupigia simu kukuambia umpe mtu mwingine lifti. Nashukuru Mungu kwamba hukumpa. Yeye akarudi kwenye jeki yake na zile stendi nne za chuma za kulishikilia gari, na kulala chini kama mwanzo.

Sasa nikueleze yaliyotokea Jumamosi ya wiki tatu zilizopita, ambayo kwenye simu nilikuambia tu kwamba Harlan “ameumia kidogo.”

Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi. Nilikuwa nakaanga soseji. Harlan alikuwa chini ya gari, amelilegeza gurudumu moja la mbele na kulitoa, anahangaika na bolti iliyoshika kutu. Nilimsikia akiitukana ile bolti, nikatabasamu. Kisha nikasikia mlio. Haukuwa mkubwa, kaka. Ulikuwa kishindo kifupi, kizito, na baada yake kimya. Nilikuwa nimeshawahi kuusikia mlio huo maishani mwangu, wewe unajua wapi. Nakuambia ukweli, nilisimama pale jikoni na mwiko mkononi, na sikwenda. Sijui ni kwa muda gani. Nilichohofia si kwamba amekufa, bali kwamba nitamwona.

Iver ndiye aliyeniamsha, akipiga kelele kutoka uani kuuliza kulikoni. Tulikimbia pamoja. Stendi moja ilikuwa imeteleza, gari limelalia upande. Miguu ya Harlan ilikuwa inaonekana, haitikisiki. Nilimwita, asijibu. Nilimwita tena, akasema kwa sauti ndogo, “Bernie, usilisukume gari. Usiguse kitu.” Iver alileta jeki yake kubwa ya magurudumu akaliinua inchi kwa inchi, nami nimelala kifudifudi nimeshika kifundo cha mguu wa mume wangu, nikihesabu pumzi zake. Kilichomwokoa ni lile gurudumu alilokuwa amelitoa. Alikuwa amelilaza sakafuni chini ya gari, na gari liliangukia gurudumu hilo badala ya kumwangukia yeye. Angelisukuma kando kidogo tu, leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine.

Amevunjika mbavu tatu na mfupa wa bega. Analala akiwa ameketi kitini. Na kila akipumua kwa maumivu, mimi naogopa. Akinyamaza, naogopa zaidi.

Lakini linalonila si hayo. Juzi, Iver alipokuja kumjulia hali, Harlan alimwambia, “Ni ile sakafu ndiyo ilitaka kuniua. Ingekuwa nzima, ningekuwa na lifti saa hizi.” Iver akatingisha kichwa. Nami nilikuwa nawamiminia kahawa. Kisha Harlan akanishika mkono mbele ya mgeni akasema, “Maskini mke wangu, yeye ndiye aliyelala kwenye vumbi kunipimia.” Amekwisha kumwita fundi wa kuvunja zege. Anakuja Jumatatu kuibomoa sakafu yote na kumwaga mpya.

Conrad, sakafu yetu ni nzima. Ina inchi tano na robo. Nilipima mara tatu, maana nilikuwa naomba niwe nimekosea. Hakuna hata ufa. Nilidanganya.

Wewe peke yako utajua ni kwa nini. Ulikuwepo siku ile gari lilipodondoka kutoka kwenye lifti katika karakana ya Baba, na fundi wake Delmar akiwa chini yake. Wewe ulimvuta, mimi nilikuwa ofisini nikipokea simu, msichana wa miaka ishirini, nikaona yote kupitia kioo. Delmar aliishi siku mbili. Wewe ukaendelea na kazi ileile maisha yako yote, sijui ulipata wapi moyo huo. Mimi nikafunga mlango wa ofisi na sikurudi tena. Harlan sikumsimulia kamwe. Anajua tu kwamba Baba aliwahi kupoteza fundi.

Ningemwambia kwamba naogopa, angeiacha lifti siku hiyohiyo, kwa kunipenda. Ndiyo maana sikumwambia. Sikutaka niwe mimi niliyemnyima. Nilitaka sakafu ndiyo ikatae. Nikamwondoa kwenye kitu nilichokiogopa, nikamrudisha mwenyewe chini ya kile kilichomwangukia.

Nimeamua kumwambia kesho, kabla sijaipeleka barua hii posta. Sitaifunga bahasha mpaka niwe nimesema.

Ijumaa, saa tano asubuhi

Nimemwambia. Nilimwekea kahawa yake, nikaketi mbele yake, nikaanza na Delmar, nikamaliza na waya. Nilipomaliza, aliuliza swali moja tu: ni inchi ngapi hasa. Nikamwambia. Akaitazama mikono yake, akasema, “Zingetosha.” Basi.

Baadaye alisema maneno mengine. Alisema hofu angeielewa. Alisema kama ningemsimulia habari za Delmar, tungekaa wawili tukazungumza, pengine tungeikataa lifti, pengine tungeikubali, lakini asingelala tena chini ya stendi zile akidhani hana njia nyingine. Aliinuka kwa shida, akanikataza nisimsaidie, akampigia simu yule fundi na kumwambia asije.

Kisha akanipa ujumbe nikufikishie. Anasema theluji ikiisha, na daktari akimruhusu, uje na lifti. Lakini kabla ya kufunga bolti hata moja, anataka utoboe tundu jipya upime zege wewe mwenyewe. Nilimwambia tundu la zamani lipo, waya upo. Akasema, “Hapana. Conrad apime.”

Hakulisema kwa hasira, kaka. Hilo ndilo linaloniogopesha. Miaka thelathini na moja nimelala karibu na mtu huyu, na leo amepita kando yangu mlangoni kwa uangalifu, kama mtu anayepita kando ya gari lililoinuliwa.

Njoo mapema kadiri goti litakavyokuruhusu. Mwambie Muriel chochote utakachoona kinafaa, na umbusu kwa niaba yangu. Niombee, na umwombee Harlan mbavu zake zipone. Posta inafungwa saa kumi na moja, nami nataka nitoke sasa hivi kabla moyo haujanigeuka.

Wako wa damu moja,
Bernadine